Kura Nyingi, Viti Vichache

Wengi hudhani kwamba kura huibwa usiku, ndani ya sanduku. Sisi twasema iko dhuluma itendekayo mchana, tena kwa sheria.

Tazameni jimbo la South Australia, nchini Australia. Sheria ya mwaka 1936 iliwapa watu wa mashambani viti 26 vya bunge, na mji wa Adelaide viti 13 tu, ingawa wakazi wengi wa jimbo waliishi mjini. Katika uchaguzi wa Machi 1953, chama cha Labor kilipata zaidi ya nusu ya kura, lakini kikaambulia viti 14. Chama cha Waziri Mkuu Thomas Playford kilipata viti 21, naye aliyetawala tangu 1938 akaendelea hadi 1965.

Dhuluma hiyo ilijirudia mwaka 1968. Wananchi walipaza sauti, hata Waziri Mkuu mpya, Steele Hall, ambaye chama chake kilinufaika nayo, akakubali kuchora mipaka upya na kuongeza viti hadi 47.

Basi tunapouliza nani atahesabu kura, tuulize kwanza: nani alichora mipaka?