Deni la mzazi, adhabu ya mtoto
Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, yasema kwamba elimu ya msingi ni bure katika shule za serikali. Kwa sekondari hakuna ahadi hiyo. Hivyo wazazi, tangu miaka ya 1990, wamekuwa wakimwongezea mshahara mwalimu asiyelipwa ipasavyo. Hilo twalielewa. Tusilokubali ni majina ya wadaiwa kusomwa mbele ya bendera, shule nzima ikisikiliza, na wanafunzi wa darasa la mwisho kufukuzwa wiki chache kabla ya Mtihani wa Serikali. Mdaiwa ni mzazi; mbona anayeaibishwa ni mtoto? Tena yuleyule, siku ya mashindano ya mpira, huitwa kwa upole aitetee shule! Mkuu wa shule amwite mzazi, wapatane muda wa kulipa, na kijana abaki darasani.