Kitabu cha Mgeni na Daftari la Gesti

Nina ugomvi na vitabu vya mwongozo wa safari kwa wanaume mashoga, ila si ugomvi unaoudhani. Sisemi visiandikwe. Nasema kuhusu kwetu vimeandikwa vibaya.

Uandishi huu ulizaliwa na anwani. Katikati ya miaka ya 1960 Bob Damron wa San Francisco alitoa kijitabu cha kuingia mfukoni: orodha ya baa, mji kwa mji. Mwaka 1970 kikaja Spartacus, kikataka kuikusanya dunia nzima. Kwa mwanamume aliyeshuka mji mgeni enzi ambazo polisi wa Marekani walivamia baa zao, anwani ile ilikuwa kinga. Hilo nawapa heshima yao.

Sasa ilete kanuni hiyo Kibiti. Shuka kwenye basi, ingia gesti. Mezani kuna daftari la wageni: jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi. Hicho nacho ni kitabu cha safari, ila msomaji wake ni askari. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa Mwingereza na kukiongezea makali mwaka 1998, kinataka kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Chini ya sheria hiyo anwani inageuka ushahidi. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwataka wananchi wamletee majina ya mashoga. Serikali ikasema hayo ni maoni yake binafsi, kifungu hakikuguswa. Orodha ni orodha, inategemea kaishika nani.

Waandishi wa vitabu hivi wanalijua hilo, kwa hiyo wakifika kwetu wanabadili sauti. Baa zinatoweka, linabaki boksi la onyo: msishikane mikono, ombeni vitanda viwili, ulizeni kwa busara. Msishikane mikono! Huku wanaume marafiki wanatembea wameshikana mikono na hakuna anayegeuza shingo. Na kuuliza, tumuulize nani? Kibiti ya 2017 ilizika polisi na viongozi wa vijiji waliouawa, na Novemba mwaka huo Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alichukuliwa na watu wasiojulikana. Hajaonekana tena. Mgeni anayeulizauliza habari za watu mahali kama hapo haonekani mtalii. Naye akishapanda boti Nyamisati kwenda Mafia, anayebaki kujibu maswali ni kijana aliyemwelekeza njia.

Hapo ndipo kasoro ilipo. Boksi lile linamlinda msomaji peke yake. Delta ya Rufiji inapata mikoko yake, viboko wake, na meli ya Kijerumani Königsberg iliyoangamia humo mwaka 1915. Watu wa Salale na Mbwera wanakuwa mandhari. Shoga mwenyeji hata mandhari hapewi. Nchi nzima inakuwa sheria tu, na sheria inakuwa pointi kwenye jedwali la kupanga mataifa.

Linganisha na Green Book, alichoanza kukitoa Victor Hugo Green, mpeleka barua mweusi wa Harlem, mwaka 1936. Kile kiliandikwa na aliye hatarini kwa ajili ya walio hatarini. Hivi vyetu mwandishi yuko kwao, msomaji yuko kwao, hatari iko kwetu.

Kuna watakaosema: mambo ya Wazungu hayo, tuachieni fasihi yetu. Jamani, "shoga" pwani ni mwanamke akimwita rafiki yake, na neno likahamia kwa wanaume humu humu kwetu. "Hanithi" tulilichukua kwa Waarabu, na limo katika kamusi za zamani kabla Spartacus haijafikiriwa. Lugha haihangaiki kutunza majina ya watu ambao hawapo. Kilicholetwa na Mzungu kwa karatasi ni kile kifungu.

Ninachotaka ni kitabu kisicho na anwani hata moja ya kwetu. Kieleze sheria ilitoka wapi na inamuumiza nani. Kimwambie mgeni kwamba siri yake ina mwenzake, na mwenzake huyo hana tiketi ya kurudi popote, kwa sababu hapa ndipo kwao. Mhariri asiyeweza kuandika hivyo aache ukurasa wa Tanzania mtupu. Mtupu hautamfunga mtu.