Lango Likifungwa, Nani Atawalisha?



Ndugu zetu wa Kisii na Nyamira wakitaka kuwaonyesha watoto nyoka, mamba na kobe, huweza kwenda Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia nchini, makumbusho ya taifa yalifungwa. Kiingilio kikakoma, njaa ya wanyama haikukoma. Penye mkono wa serikali, hazina ya umma husaidia. Je, bustani ndogo ya mtu binafsi, itegemeayo tiketi za wageni?

Hapo ndipo tunapoikumbuka hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Na paka hulia, nyoka halii. Aweza kukaa majuma bila chakula, na kimya chake kikamsahaulisha mlezi.

Basi mwenye kufunga bustani asiwaachilie nyoka katika mashamba ya watu, kwani milima ya Gusii imejaa maskani. Awakabidhi kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kisha ndipo atie kufuli.

Nasi majumbani tujihesabu. Tukifunga safari ya Maulidi Lamu, kuku na njiwa wetu tumemwachia nani? Tuwafundishe watoto: kabla ya kufunga mlango, tazama nani amebaki ndani. Kiumbe tuliyemzuilia riziki yake, riziki hiyo imekuwa deni juu yetu.

Wallahu aalam.