MUJI ULIOCHORWA ILI TUSIKUTANE



Watu wengi wanafikiri kwamba muji unaota wenyewe kama majani. Hapana. Muji wetu wa Lubumbashi, uliozaliwa mwaka 1910 na kuitwa Elisabethville mpaka 1966, ulichorwa kwa kalamu na rula, na wale waliouchora walijua wanataka nini. Wazungu hapa, watu weusi kule, na katikati uwanja mutupu wa mamia ya mita. Kuanzia mwaka 1921 watu weusi waliokaa karibu na wazungu walihamishwa ng'ambo ya uwanja ule, pahali panapoitwa leo Kamalondo. Sababu iliyotolewa ilikuwa nini? Mbu! Walisema mbu wa malaria hawezi kuruka mbali namna ile, basi mutu mweusi akae mbali pamoja na mbu wake. Lakini mupishi, mufua nguo na mulezi wa watoto walivuka kila asubuhi. Labda mbu aliwaheshimu watu wenye kazi.

Kisha ikajengwa Kenya mwaka 1929, na nyuma ya vita vya 1940-45 zikafuata Katuba na Ruashi, mbali zaidi. Kule Katuba watu walikopeshwa vifaa, wakajijengea nyumba zao wenyewe. Jambo hilo lilikuwa jema, na jema tuliseme. Lakini kazi ilibaki mbali. Baba aliamka giza, akapanda baiskeli, akarudi giza.

Katika makambi ya Union Minière shule, hospitali na posho vilikuwa karibu, mama alikwenda kwa miguu. Ndiyo, lakini nyumba ilikuwa ya kampuni. Siku kazi inapokwisha, nyumba nayo imekwisha.

Tarehe 30 Juni 1960 tulipokea bendera. Ramani tuliirithi vilevile. Hakuna tena sheria ya kumukataza mutu kulala muji wa juu. Bei ya kiwanja inafanya kazi ya polisi wa zamani. Tajiri anajificha nyuma ya ukuta murefu kule Golf, na masikini anasukumwa kila mwaka mbele zaidi, mpaka pahali pasipo maji wala shule, na teksi inakula mushahara wake kabla watoto hawajala. Ni nani aliyeamua hivyo? Sisi wenyewe, safari hii.

Tuseme pia neno zito zaidi. Kukaa mbalimbali kunalea chuki. Mwaka 1961 Waluba makumi ya maelfu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pembeni ya muji huu. Tena tangu mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye stasheni za reli wakingoja treni. Wengi walizaliwa hapa hapa Katanga. Hatusemi kwamba mutaa uliopangwa vizuri ungezuia maneno ya wanasiasa. Walikuwako majirani wazuri, na watu walifukuzwa hata hivyo. Lakini ni vyepesi zaidi kumufukuza mutu ambaye mutoto wako hajakaa naye dawati moja.

Kwa hiyo tunataka mutaa wa namna gani? Katika avenue moja viwanja vikubwa na vidogo vichanganyike, na nyumba za kupanga kando ya nyumba za wenyewe, ili mwalimu, mufanyabiashara na muchimbaji wapate pahali katika bei zao. Soko, shule na nyumba ya wazazi viwe mwendo wa robo saa kwa miguu. Miguu ya mama mwenye mimba, si ya kijana. Mifereji ifunikwe, ipate kuwa njia ya watu wa miguu wakati wa mvua. Miti ipandwe, miembe na avoka, kwa sababu jua la Oktoba halina huruma. Kuta za mbele zikatwe, tuonane. Na anayeuza kiwanja asiulize jina la kijiji cha babu.

Mutaa kama huo hauishi kujengwa kwa muda wa mbunge mumoja. Utataka miaka thelathini, pengine zaidi. Mwembe pia haufuati tarehe za kura.

Kamalondo, komini ndogo kuliko zote, inatuonyesha kidogo: watu wa makabila yote, viwanja vyembamba, mambo yote ni karibu, na tangu 2011 hata uwanja wa mupira wa TP Mazembe. Wazungu waliufunga mutaa ule kama sanduku, wakazi wakaugeuza kuwa muji.

Sasa mashamba yanayozunguka muji yanakatwa viwanja. Tunaomba jambo moja la kwanza: kabla ya kiwanja kuuzwa, ramani ibandikwe kwenye mulango wa komini, kwa Kiswahili, na alama za shule, soko na njia ya miguu zionekane. Kama hazimo, wakazi waulize siku ile ile, kabla mawe ya mipaka hayajapigwa.