Turbo kwa injini ndogo: Fundi wa Machakos apime kwanza, afunge baadaye

MAGARI madogo kutoka Japani yameenea katika barabara za mji wa Machakos na viunga vyake. Toyota Vitz, Mazda Demio, Nissan Note na Honda Fit hununuliwa aghalabu kwa sababu moja kuu, nayo ni kwamba hayali petroli nyingi.

Hata hivyo, udogo huo huo wa injini ndio unaowakera baadhi ya wenye magari hayo wanapokabiliana na miinuko ya vilima vya Iveti na Mua, hasa gari linapokuwa limebeba watu watano na mizigo yao.

Hapo ndipo wazo la kufunga turbo linapojitokeza. Kifaa hiki hutumia moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha gurudumu dogo la mapanga, na gurudumu hilo likasukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, petroli inaweza kuongezwa, na nguvu zikapanda bila ya mwenye gari kununua injini kubwa.

Turbo zilizotumika hupatikana katika maduka ya vipuri, na kwa fundi aliye na mashine ya kuchomelea vyuma, kazi ya kuifunga yaweza kuonekana nyepesi. Usione vyaelea, vimeundwa. Swali gumu si namna ya kuifunga, bali ni injini ipi inayoweza kuihimili na itayarishwe vipi kabla ya kufungwa.

Jibu la swali hilo lina uzito. Injini inayopasuka katika mwendo wa kasi kwenye barabara kuu ya Mombasa haimtii hasara mwenyewe tu, bali huhatarisha pia abiria wake na madereva wengine walio nyuma yake.

MZALIWA WA MLIMANI

Wazo la turbo lilisajiliwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Lakini aliyedhihirisha faida yake kwa namna inayowahusu wakazi wa nyanda za juu ni Mmarekani Sanford Moss, ambaye mwaka 1918 aliipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, ili kuonyesha kuwa turbo ingeirudishia nguvu zilizopotea kwa sababu ya hewa nyepesi.

Mantiki hiyo inaigusa Machakos moja kwa moja. Mji huo uko takriban mita 1,600 juu ya bahari. Ilhali hewa ya Mombasa hukandamiza kwa takriban pauni 14.7 kwa kila inchi ya mraba, ile ya Machakos hukandamiza kwa pauni 12 hivi. Kwa hivyo, injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu ilizokuwa nazo pwani.

Kutokana na hesabu hiyo, turbo inayosukuma pauni tatu pekee yatosha kuirudishia injini ndogo nguvu ambazo mwinuko umeipokonya. Mwenye gari anayelalamikia mlima hahitaji zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa. Anayedai pauni 10 au 15 hatafuti tena nafuu ya mlima, bali anatafuta mbio, na mbio zina gharama yake.

FUNZO LA SAFARI RALLY

Kenya ina ushahidi wake kwamba injini ndogo inaweza kustahimili shinikizo. Katika Safari Rally ya mwaka 1993, nafasi nne za kwanza zilinyakuliwa na Toyota Celica zenye turbo. Nyuma yao, katika nafasi ya tano, sita na saba, zilifuata Daihatsu Charade, gari dogo lenye silinda tatu na injini ya sentimita za ujazo 993.

Mwaka huo huo, Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa 12 kwa Subaru Vivio yenye injini isiyofika hata sentimita za ujazo 700, ambayo hewa yake ilisukumwa na kifaa kinachozungushwa na mkanda wa injini badala ya moshi. Magari yenye nguvu kubwa kuliko hilo yalikuwa yameachwa njiani.

Lakini funzo la 1993 laweza kueleweka visivyo. Injini ya Charade hiyo haikuwa ya kawaida iliyotobolewa na kubandikwa turbo. Iliundwa kiwandani kwa ajili ya turbo, na pistoni zake, upozaji wake na petroli yake vilipangwa kwa pamoja tangu mwanzo. Ndivyo ilivyo pia kwa injini za turbo za lita 1.5 zilizotumiwa na vijana wa Kenya waliokuwa ndani ya Ford Fiesta Rally3 kwenye Safari ya mwaka 2022. Udogo haukuwa kizuizi kwa sababu maandalizi yalitangulia.

KUCHAGUA INJINI

Mchongaji wa Wamunyu huukagua mti kabla ya kushika tezo, kwani ufa uliojificha ndani huharibu kazi ya siku nyingi. Fundi wa injini naye hana budi kufanya hivyo.

Jambo la kwanza la kuangalia ni uwiano wa mgandamizo, yaani pistoni inaibana hewa mara ngapi kabla ya plagi kuwasha moto. Uwiano ukiwa mkubwa, nafasi ya kuongeza shinikizo la turbo huwa finyu, kwani mchanganyiko wa hewa na petroli huweza kulipuka kabla ya wakati wake. Mlipuko huo, ambao mafundi huutambua kwa sauti ya kugonga, hutoboa pistoni na kuvunja ringi.

Mfano mwema ni injini ya lita 1.3 ya Toyota Starlet. Ile ya kawaida ina uwiano wa 9.6 kwa 1. Toyota ilipoiwekea turbo kiwandani, ilishusha uwiano huo hadi takriban 8 na nusu kwa 1 au chini yake, na ikapata nguvufarasi 135. Kinyume chake, baadhi ya Mazda Demio za miaka ya karibuni zina uwiano wa 12 kwa 1 na zaidi. Injini hizo ni hodari wa kubana petroli, lakini ni chaguo baya kwa turbo ya kubandika.

Kati ya mbili hizo kuna injini ya lita 1.5 iliyomo katika Vitz, Probox na Fielder nyingi. Uwiano wake ni 10.5 kwa 1 na konrodi zake ni nyembamba. Inaweza kuvumilia shinikizo dogo lililopimwa vyema, lakini haivumilii pupa.

Jambo la pili ni giaboksi. Mengi ya magari hayo yana giaboksi isiyo na gia maalumu, ambayo huendeshwa kwa mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Mkanda huo uliundwa kwa nguvu za injini ya awali. Ukilemewa huteleza, na ukarabati wake huenda ukaigharimu familia zaidi ya turbo yenyewe. Gari la gia za mkono linafaa zaidi, mradi klachi iimarishwe.

La tatu ni umri. Kwa kuwa Kenya huruhusu kuagizwa kwa magari yasiyozidi umri wa miaka minane, Starlet zilizosalia nchini ni kongwe. Injini kongwe lazima ipimwe mgandamizo silinda moja baada ya nyingine. Iwapo silinda moja imepungukiwa na zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na wenzake, injini hiyo inahitaji matengenezo wala si turbo. Fundi akumbuke pia kwamba takwimu za vitabu huchukulia kuwa gari liko usawa wa bahari, kwa hivyo geji ya Machakos itasoma chini hata kwa injini nzima.

KUITAYARISHA

Maandalizi huanza kwa joto. Hewa ya nyuzi 25 ikisukumwa kwa pauni saba katika mwinuko wa Machakos hutoka kwenye turbo ikiwa na zaidi ya nyuzi 80. Bila kipoza hewa mbele ya rejeta, joto hilo huingia moja kwa moja kwenye silinda na kuchochea ule mlipuko wa mapema.

Rejeta yenyewe lazima iwe safi. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Ukambani yana chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani ya mishipa ya rejeta. Anayeazimia kufunga turbo aachane na maji ya kisima na atumie kipozeo kinachofaa.

Vumbi nalo ni adui. Magurudumu ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na chembe za mchanga huyala mapanga yake. Tabia ya kuondoa kasha la chujio la hewa ili gari lisikike likinguruma haifai kabisa.

Oili ndiyo uhai wa turbo. Bomba linaloirejesha lazima literemke bila kujikunja na kuingia kwenye karteri juu ya usawa wa oili, ama sivyo oili itarudi nyuma na kutoka kama moshi wa samawati. Dereva naye aiache injini inguruме polepole kwa dakika moja hivi kabla ya kuizima, ili oili isiungue ndani ya turbo yenye moto.

Lililo gumu zaidi ni petroli. Katika mwendo wa kawaida injini huchoma takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli. Chini ya shinikizo huhitaji petroli zaidi, karibu gramu 12 za hewa kwa gramu moja. Kompyuta ya gari haijui kwamba turbo imefungwa. Nozeli na pampu zisipoongezwa uwezo, na kompyuta isipopangwa upya kwa kutumia kipimo cha moshi, injini itaungua ikiwa bado inaonekana kuwa na nguvu.

Kisha zipo breki na matairi. Gari linaloongezewa nguvu bila ya kuongezewa uwezo wa kusimama limeongezewa hatari.

MTEREMKO WA MOMBASA

Hatari inayosahaulika ni hii. Gari lililopangwa Machakos kwa pauni saba kwenye geji hupata jumla ya pauni 19 ndani ya injini. Dereva akiteremka kupitia Sultan Hamud na Voi hadi Mombasa, geji itasoma pauni saba zile zile, lakini jumla itakuwa karibu pauni 22. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 14, tena katika hewa ya joto ya pwani.

Injini iliyokuwa salama kwa mwaka mzima mjini yaweza hivyo kutoboka pistoni katika safari ya kwanza ya Krismasi, ikiwa imejaa jamaa. Fundi hataona kosa lake kwa sababu geji haikubadilika. Ndiyo maana upimaji wa Machakos lazima uache akiba kwa ajili ya pwani.

WAJIBU WA SERIKALI NA BIMA

Sheria ya Trafiki humtaka mwenye gari kuijulisha mamlaka ya usajili, ambayo kwa sasa ni NTSA, anapobadilisha maelezo ya gari yaliyosajiliwa, yakiwemo ya injini. Mkataba wa bima nao hujengwa juu ya ukweli. Anayeficha marekebisho makubwa humpa mwenye bima sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali.

Hata hivyo, kuwaandama mafundi wa jua kali hakutatosha. Kijana mwenye ari ya kuijua injini ni hazina, na ari hiyo haizimwi kwa marufuku. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila cheti cha darasani. Sera hiyo itakuwa na maana kwa fundi wa Machakos iwapo vyuo vya kiufundi vitamfungulia milango kupima mgandamizo, shinikizo na moshi kwa vifaa ambavyo hawezi kujinunulia peke yake.

Hadi hapo, kipimo cha busara ni rahisi. Anayetaka tu kupanda Iveti bila kuhema, atosheke na pauni tatu juu ya injini nzima, rejeta safi na breki imara. Na fundi anayeletewa injini isiyofaa awe na ujasiri wa kumwambia mteja wake hapana, hata kama kazi hiyo ingemlipia kodi ya mwezi.