Yule Mmoja Aliyerudi



Kwetu, ukimuuliza mtu habari zake, hata kama mwaka umempiga pande zote, atakujibu: «Tunashukuru Mungu.» Mimi pia hujibu hivyo. Nimefundisha katekisimu kwa miaka mingi, na nakiri kwamba mara nyingi neno hilo hutoka mdomoni mwangu bila kupita moyoni.

Wakati wa kilio cha mama yangu, bomba la mtaa wetu lilikuwa limekauka. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wadogo, alituletea bidoni mbili za maji kila asubuhi, siku zote za matanga. Siku ya Misa ya kumaliza matanga nilisimama kanisani, nikamshukuru Mungu kwa maneno mazuri (mwalimu hakosi maneno). Jina la yule mama sikulitaja, wala sikwenda kwake. Ilipita miezi mitatu ndipo nilipotambua kosa langu, tena kwa sababu nilimkuta njiani na bidoni kichwani.

Tangu hapo naisoma kwa namna nyingine habari ya wakoma kumi katika Injili ya Luka, sura ya 17. Tumezoea kuwalaumu wale tisa kana kwamba walikuwa watu wabaya. Lakini walitii: Yezu aliwaagiza waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao wakaenda. Huenda hata walimsifu Mungu njiani. Msamaria peke yake aligeuka, akaipita tena njia aliyokwisha kuipita, akaanguka miguuni pa Yezu. Tofauti yake na wenzake ni hatua hizo za kurudi.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, aliupanga uchunguzi wa dhamiri kwa hatua tano, na hatua ya kwanza si kuhesabu dhambi, bali ni kumshukuru Mungu kwa mema tuliyopokea. Nyumbani kwangu tunafanya hivi: jioni, kabla ya sala, kila mmoja anataja jambo moja la siku hiyo, pamoja na jina la mtu ambaye kwa mikono yake Mungu alituletea jambo hilo. Kusema «kwa yote» hairuhusiwi. Mtoto wetu mdogo aliwahi kumtaja mwenzake aliyemwazima kalamu.

Wapo wanaouliza: tushukuru nini, na mshahara wa mwalimu unachelewa, na barabara haina usalama? Swali lao ni la haki. Shukrani isitumiwe kuwafunga watu midomo. Mwenye njaa akilalamika, hajakosa imani. Zaburi zina vilio vingi pamoja na sifa, mara nyingine ndani ya zaburi ileile. Hata naona kwamba watoto wangu, tangu walipoanza kulitaja jema kwa jina lake, hawaogopi kulitaja ovu pia.

Kwa yule mama nilikwenda, nimechelewa, nikiwa na kilo mbili za sukari na aibu yangu. Alicheka, akaniuliza: «Mwalimu, maji gani?»