Hina Haina Weusi

Mwanamke wa Unguja au wa Mombasa aingiapo saluni akitaka nywele zake zitiwe rangi mpya, au zipaushwe ziwe za dhahabu, huulizwa swali moja kabla hajakaa sawasawa kitini: "Dada, nywele hizi zimetiwa hina?" Swali ni la haki, na aulizaye ana sababu. Lakini jibu, liwe ndiyo au siyo, halimfai kitu. Neno hina siku hizi limegeuka nyumba yenye wakaazi watatu: majani ya mhina yaliyosagwa, unga uliochanganywa na chumvi za madini, na kanta. Wa kwanza ndiye mwenye nyumba. Wawili wengine wameingia kwa jina lake, na kila wanapoharibu, anayeshitakiwa ni yeye.

Ndiyo maana umeenea usemi kwamba hina huharibu nywele, na kwamba aliyekwisha kuitia asithubutu kutia rangi tena. Usemi huo hurudiwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao hawajapata kuuliza ni hina ipi. Ni dhuluma kwa mmea, na lililo zito zaidi, ni hatari kwa wanawake.

Jani la mhina likikauka hubeba kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya kitu kiitwacho losoni, na rangi yote ya hina imo humo. Losoni haikai juu ya unywele kama chokaa ukutani. Huingia na kushikamana na keratini, ile protini ambayo ndiyo unywele na ndiyo ukucha. Kazi hiyo ni ya taratibu. Huhitaji saa kadhaa, na rangi huendelea kukolea siku moja au mbili baada ya kuoshwa. Rangi yenyewe ni wekundu, tangu ule wa chungwa hadi ule wa kahawia iliyoiva. Kwenye mvi huwaka kama shaba, na wazee wa pwani wenye ndevu nyekundu ni mashahidi. Kwenye nywele nyeusi huonekana pale tu jua linapozipiga. Hina huongeza rangi, haiondoi. Haiwezi kuzifanya nywele nyeusi ziwe nyepesi, wala haiwezi kumpa mtu weusi. Anayeuza "hina nyeusi" anauza kitu ambacho mhina haukizai.

Basi mwenye hina safi kichwani akitaka kubadili rangi, hupatwa na nini? Akitaka kiza zaidi, hina haimzuii. Akitaka wepesi, hapo ndipo ukaidi wake hujitokeza. Dawa ya kupausha hula kwanza weusi wa kuzaliwa nao, na losoni hubaki imeng'ang'ania pale pale. Aliyeahidiwa dhahabu huinuka kitini na kichwa cha rangi ya chungwa. Fundi aliyeona haya huirudia dawa mara ya pili, kisha ya tatu, nywele zikakatika, na lawama ikatupiwa hina, ilhali kilichozikata ni ile dawa yenyewe na haraka ya mkono ulioitia. Na kama hina ilifuatwa na nili, kama wafanyavyo Wahindi na Wairani tangu zamani ili kupata weusi wa majani matupu, kupausha kwaweza kuleta ukijani. Hakuna mkosi hapo. Ni rangi mbili, moja imetoka na nyingine imebaki. Asiyeridhika na hina yake ana njia moja isiyo na madhara, nayo ni kungoja. Unywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na nywele za kufika mabegani hutaka miaka miwili na ushei. Ni muda mrefu, na fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo kabla ya kupokea fedha yake.

Mkaazi wa pili ni ule unga uliotiwa chumvi za risasi, fedha au shaba ili utoe kahawia na weusi ambao jani halina. Ukikaa kichwani peke yake huenda usijulikane. Ukikutana na maji ya oksijeni, yaani haidrojeni peroksaidi iliyomo katika dawa za kupausha na katika rangi nyingi za dukani, madini yale huichemsha: joto hupanda, pengine moshi hutoka, na nywele huvunjika mikononi. Kinga yake ni rahisi. Hukatwa nywele chache, zikatumbukizwa katika dawa hiyo ndani ya bakuli, zikatazamwa kwa nusu saa. Zikitoa povu na joto, shughuli huahirishwa. Fundi asiyefanya jaribio hilo, kisha akamwambia mteja kwamba ni hina iliyomfanyia hivyo, amekosa mara mbili.

Wa tatu ni kanta, na huyu ndiye mbaya wao. Weusi wake hutokana na kemikali iitwayo kwa kifupi PPD, inayotumika katika rangi za nywele tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kichwani huruhusiwa kwa masharti: katika nchi za Umoja wa Ulaya haipaswi kuzidi asilimia 2 ya mchanganyiko unaopakwa. Kuchorea ngozi ni jambo jingine, na sheria ya Marekani hairuhusu. Pwani, hata hivyo, kanta hutolewa katika kisanduku cha rangi ya nywele, ikakorogwa, ikachorwa mikononi na miguuni mwa bibi harusi kwa jina la piko, kwa kuwa hukauka nyeusi kabla hina ya jani haijaanza hata kushika. Katika fukwe za Nungwi na Paje huchorwa wageni, na pengine watoto wao, kwa jina la hina.

Wengi huoga wakasahau. Baadhi huamka na malengelenge yaliyofuata ua lile petali kwa petali, na wako wanaobaki na kovu. Lakini ubaya mkubwa zaidi hauonekani siku ile. Mwili uliokwisha kuikataa PPD hausahau. Msichana aliyechorwa piko akiwa na miaka kumi na tano, akiketi saluni miaka kumi baadaye kutiwa rangi, aweza kuvimba uso hadi macho yakafumba. Chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliichagua PPD kuwa kizio cha mwaka 2006, wala hakikuichagua kwa mzaha. Nchini Sudan, ambako huchanganywa na hina ili ikolee, madaktari wa Khartoum wameandika kwa miongo kadhaa juu ya walioinywa, kwa bahati mbaya au kwa kukata tamaa: koo huvimba, misuli huharibika, mafigo husimama.

Sasa lirejewe swali la saluni. Msichana yule huulizwa kama ametia hina nywele zake, naye hujibu kwa ukweli kuwa hajatia. Hakuna anayemuuliza mikono yake ilichorwa nini siku ya harusi ya dada yake. Jina moja limeficha jambo ambalo majina mawili yangelifichua.

Na Kiswahili hakikupungukiwa. Hina, piko, kanta, nili: kila kimoja kina jina lake, na bibi wa zamani hakuyachanganya. Wanaoyachanganya ni wafanyabiashara, na, la kusikitisha, baadhi ya watunzi, wanaomsifu bibi harusi kwa weusi wa hina bila kujiuliza weusi huo umetoka wapi. Mshairi hupimwa kwa neno lake. Akiita kanta hina, amemfanyia muuza kisanduku tangazo la bure, tena lenye vina.

Wako pia wanaosema kwamba mwanamke anayetaka kubadili rangi baada ya hina ameidharau mila. Hao wapitwe. Kichwa ni chake.

Hoja yenye uzito ni ile ya riziki: wachoraji wa piko ni akina mama wenye watoto wa kusomesha. Ni kweli, na vidole vyao ndivyo vinavyoishika kanta kila siku, mara nyingi bila glovu. Hakuna aliyedai wafungiwe. Kinachodaiwa ni kwamba mchoraji amwambie mteja amwekea nini, na aitoze hina ya jani bei inayolingana na saa zake, hata kama wenye harusi wana haraka ya kuwahi ukumbi. Ama muuza duka, ambaye hachori mtu wala haungui vidole, yeye hana udhuru huo. Kisanduku alichokipanga rafuni aghalabu kina picha ya jani la kijani usoni, na herufi za PPD zimefinywa ubavuni, kwa lugha ambayo wengi wa wanunuzi wake hawaisomi.